Mahakama Inaendeshwa na Nani? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Watu wengi wanaokwama mahakamani hawakwamishwi na sheria. Wanakwama kwa kutojua jambo lao liko mezani kwa nani. Mmoja anamlalamikia hakimu kwamba jengo linavuja, mwingine anamgombeza karani kwa sababu ya hukumu, wa tatu anamwandikia waziri barua ndefu kuhusu jalada lisiloonekana, na wote watatu wanarudi nyumbani mikono mitupu. Majibu yafuatayo yanahusu Mahakama ya Tanzania: mahakama zote za Bara kuanzia Mahakama ya Mwanzo, pamoja na Mahakama ya Rufani ambayo ni ya Muungano. Kesi inaamuliwa na hakimu au jaji peke yake. Mambo mengine yote yanayoizunguka kesi hiyo yana mwenyewe, na huyo mwenyewe anatajwa kwenye sheria.

Je, Mahakama ni idara ya Serikali?

Hapana. Ibara ya 4 ya Katiba ya 1977 inagawa mamlaka ya nchi katika vyombo vya utendaji, vya kutunga sheria na vya utoaji haki. Ibara ya 107A inasema Mahakama ndiyo yenye kauli ya mwisho katika utoaji haki, na ya 107B inazitaka mahakama ziwe huru na zifuate Katiba na sheria za nchi tu. Ibara hizo mbili ziliingizwa kwa marekebisho ya Katiba ya mwaka 2000. Kwa hiyo mkuu wa mkoa, mkuu wa wilaya au waziri hana uwezo wa kumwambia hakimu kesi iishe vipi, hata kama mlalamikaji ni jirani yake na hata kama jambo lenyewe limezua kelele mtaani.

Hata hivyo Mahakama inakula kwenye bajeti ile ile ya Taifa, inanunua kwa taratibu zile zile za manunuzi ya umma, na inakaguliwa na Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali kama wengine.

Basi Wizara ya Katiba na Sheria inafanya kazi gani?

Inashughulikia sera na miswada ya sheria, na waziri wake ndiye anayesimama bungeni kuwasilisha makadirio ya fedha, yakiwemo ya Mahakama, kwa kuwa Jaji Mkuu si mbunge na hawezi kwenda kujitetea pale. Ukitazama vitabu vya bajeti utaona mafungu yametengwa: Fungu 40 ni la Mahakama, Fungu 12 ni la Tume ya Utumishi wa Mahakama, Fungu 41 ni la Wizara. Wizara haipangi hakimu yupi asikilize nini. Kuiandikia kuhusu mwenendo wa kesi yako ni kupoteza karatasi.

Nani hasa anaendesha shughuli za kila siku?

Mkuu wa Mahakama ni Jaji Mkuu. Chini yake kuna watu wawili wakubwa ambao wananchi huwachanganya, na ukishawatofautisha hao utakuwa umeelewa nusu ya mambo yote yaliyomo humu.

Wa kwanza ni Mtendaji Mkuu wa Mahakama. Cheo chake kilianzishwa na Sheria ya Usimamizi wa Mahakama, Namba 4 ya 2011. Yeye ndiye afisa masuuli, yaani mwenye kuidhinisha na kujibu kila shilingi. Majengo, magari, samani, kompyuta, watumishi wasio mahakimu, manunuzi, mishahara, posho na mipango ya ujenzi, vyote vinapita kwake. Kwenye kanda za Mahakama Kuu na mikoani ana wawakilishi wanaoitwa Watendaji wa Mahakama. Hawa hawakai kwenye kiti cha kusikiliza kesi.

Wa pili ni Msajili Mkuu wa Mahakama. Huyu anasimamia upande wa mashauri: jinsi majalada yanavyofunguliwa, yanavyopangwa na kufuatiliwa, nyaraka zinavyotoka, na takwimu za kesi zilizoingia na zilizokwisha. Chini yake wako Msajili wa Mahakama ya Rufani, Msajili wa Mahakama Kuu, na Naibu Wasajili waliosambaa kwenye kanda na divisheni. Naibu Msajili ndiye utakayekutana naye ukishinda kesi Mahakama Kuu na ukataka kukaza hukumu, yaani itekelezwe, maana maombi hayo ndiyo kazi yake.

Mbali na hao, kila kituo kina mfawidhi. Kanda ya Mahakama Kuu ina Jaji Mfawidhi, mkoa una Hakimu Mkazi Mfawidhi, wilaya na Mahakama ya Mwanzo vilevile. Mfawidhi anasikiliza kesi kama wenzake na papo hapo ndiye kiongozi wa kituo anayegawa majalada kwa mahakimu. Ukifika mahakamani na hujui pa kuanzia, ulizia ofisi ya mfawidhi. Ni jibu fupi lakini limewaokoa wengi.

Kwa nini kazi hizo ziligawanywa? Zamani ilikuwaje?

Kabla ya sheria ya 2011, wasajili, ambao ni wanasheria kwa taaluma, ndio waliobeba yote. Mtu aliyesomea kuandika hukumu alijikuta anahangaika na mafuta ya gari, ankara za umeme na zabuni ya kupaka rangi. Kila saa aliyoitumia kwenye hati za malipo ilitoka kwenye saa za majalada. Mgawanyo ulikusudiwa kumwachia mwanasheria kazi ya sheria na meneja kazi ya umeneja.

Umesaidia, nami naamini ulikuwa uamuzi sahihi. Ila una sharti moja: wawili hao lazima waelewane. Hakimu anaweza kupanga kusikiliza mashahidi kumi wiki hii, lakini kama fedha za mashahidi hazijatoka kwa upande wa utendaji, mashahidi watakaa kwao na kesi itaahirishwa. Mwananchi aliyeketi kwenye benchi haoni ugomvi wa makaratasi uliotokea nyuma. Anachosikia ni “shauri limeahirishwa”.

Tume ya Utumishi wa Mahakama ni nini?

Ni chombo cha kikatiba, Ibara ya 112. Mwenyekiti ni Jaji Mkuu. Wajumbe ni Mwanasheria Mkuu wa Serikali, Jaji mmoja wa Mahakama ya Rufani, Jaji Kiongozi, yaani anayeongoza Mahakama Kuu, na wajumbe wawili wanaoteuliwa na Rais. Mbunge haruhusiwi kuwa mjumbe. Katibu wake ni Mtendaji Mkuu wa Mahakama.

Tume ndiyo inayoajiri mahakimu, kuwathibitisha, kuwapandisha vyeo na kuwaadhibu hadi kuwafukuza. Pia inamshauri Rais juu ya uteuzi wa majaji. Kwa hiyo hakimu wako wa wilaya hakuletwa na mkuu wa wilaya, wala mkuu wa wilaya hawezi kumwondoa.

Na majaji je, nani anawateua na nani anaweza kuwaondoa?

Majaji wa Mahakama Kuu wanateuliwa na Rais baada ya kushauriana na Tume. Majaji wa Rufani wanateuliwa na Rais baada ya kushauriana na Jaji Mkuu. Jaji Mkuu mwenyewe anateuliwa na Rais moja kwa moja. Wa sasa, George Mcheche Masaju, aliapishwa Juni 2025 kumrithi Ibrahim Hamis Juma. Jaji wa Mahakama Kuu anastaafu akitimiza miaka 60, wa Rufani miaka 65.

Kumwondoa jaji si barua ya siku moja. Ni lazima iundwe tume maalumu ya kuchunguza, yenye wajumbe wasiopungua watatu, na angalau nusu yao wawe majaji, au watu waliowahi kuwa majaji, kutoka nchi za Jumuiya ya Madola. Ulinzi huu uliwekwa makusudi, ili jaji anayetoa uamuzi usiowapendeza wakubwa asilale akiwaza kesho yake.

Fedha za Mahakama zinatoka wapi?

Sehemu kubwa inatoka Hazina kupitia Fungu 40. Sheria ya 2011 ilianzisha pia Mfuko wa Mahakama, ili fedha zinazopitishwa na Bunge ziwe na chungu chao na Mahakama iache kubisha hodi Hazina kila mwezi. Mishahara ya majaji ina ulinzi wa pekee: inalipwa kutoka Mfuko Mkuu wa Hazina kwa mujibu wa Ibara ya 142, haiko kwenye mjadala wa kila mwaka.

Miradi mikubwa ya miaka ya karibuni ilipata pia mkopo wa Benki ya Dunia, ulioidhinishwa 2016 kwa kiasi cha dola milioni 65, kwa ajili ya kusogeza huduma karibu na wananchi. Majengo mengi mapya unayoyaona yanatokana na mpango huo.

Ada ya kufungua kesi nalipa kwa nani?

Humlipi mtu mkononi. Ukiwasilisha madai, mfumo unatoa namba ya kumbukumbu ya malipo, ile inayoitwa kontro namba, kisha unalipa kwa benki, wakala au simu. Hapo ndipo shauri linahesabiwa limefunguliwa. Karani akikuambia “acha hapa nitakulipia”, kataa kwa upole na uombe namba yako. Tunza risiti mpaka kesi iishe, na hata ikiisha usiitupe, kwa sababu aliyeshinda anaweza kudai gharama.

Kesi ya jinai haina ada kwa mlalamikaji. Na mtu asiye na uwezo kabisa anaweza kuomba mahakama imruhusu kufungua madai bila ada, kwa kueleza na kuthibitisha hali yake. Wengi hawajui kuwa njia hii ipo. Msaidizi wa kisheria aliyesajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 anaweza kukuandikia maombi hayo bure.

Dhamana inauzwa shilingi ngapi?

Haiuzwi. Wadhamini wanasaini hati ya kuahidi kiasi fulani endapo mshtakiwa atatoroka, na kusaini hakuna ada. Mahakama ikiweka sharti la kuacha fedha taslimu au hati ya mali, sharti hilo linaandikwa kwenye mwenendo wa kesi, yaani kumbukumbu ya yanayofanyika mahakamani, na kilichowekwa kina kumbukumbu rasmi. Fedha inayoombwa koridoni haina kumbukumbu. Hiyo ni rushwa, na mahali pake ni TAKUKURU.

Nitajuaje kesi yangu iko lini na kwa hakimu gani?

Fika mapema, tafuta ubao wa matangazo. Hapo hubandikwa orodha ya mashauri ya siku: jina la hakimu au jaji, chumba, saa, namba ya shauri, majina ya wadaawa, yaani pande za kesi, na mwishoni kabisa safu inayoonyesha shauri limekuja kwa ajili gani. Wengi wanasoma majina yao tu na kuondoka. Safu ile ya mwisho ndiyo ya kuisoma kwa makini.

Ikiandikwa “kutajwa”, siku hiyo hakuna shahidi atakayesimama. Mahakama inaangalia tu kama pande zote zipo, kama majibu yameletwa, kama upelelezi umekamilika, kisha inapanga tarehe nyingine. Ikiandikwa “kusikilizwa”, hapo ndipo mashahidi wanahitajika. Nimeona mama akileta mashahidi watatu kwa nauli ya kukopa, kutoka kijiji cha mbali, katika siku ya kutajwa. Walikaa kuanzia asubuhi, wakaitwa, wakapewa tarehe, wakaondoka ndani ya dakika chache. Hakuna aliyekosea kisheria siku ile, lakini hakuna pia aliyemweleza. Kabla hujatoka mbele ya hakimu, uliza wazi: “Mheshimiwa, tarehe hiyo ni ya kutajwa au ya kusikilizwa?” Swali hilo halimuudhi mtu.

Orodha hizo, pamoja na maendeleo ya shauri, zinapatikana pia mtandaoni kupitia mfumo wa kielektroniki wa kuratibu mashauri. Mawakili wanafungulia kesi humo humo. Asiye na simu janja bado ana haki ya kuhudumiwa dirishani masjala.

Nimeambiwa jalada langu halionekani. Nifanye nini?

Usigombane. Andika namba kamili ya shauri, mwaka wake, jina la hakimu wa mwisho na tarehe ya mwisho uliyohudhuria. Nenda nayo masjala kwanza. Jalada linaweza kuwa kwa hakimu anayeandika uamuzi, kwa mchapaji, au limepelekwa mahakama ya juu kwa ajili ya rufaa. Hizo ndizo sehemu tatu za kuuliza kabla ya kuhofia mabaya.

Likikosekana kote huko, andika barua kwa mfawidhi wa kituo. Barua, si maneno ya mdomo. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa na uondoke nayo. Kama mwezi unapita bila jibu, nakala ile yenye muhuri ndiyo utakayoiambatanisha unapomwandikia mfawidhi wa ngazi ya juu yake, au Naibu Msajili ikiwa shauri liko Mahakama Kuu. Jalada likithibitika limepotea kweli, mahakama inaweza kuelekeza liundwe upya kutokana na nakala zilizoko kwa pande zote. Ndiyo maana kila karatasi uliyowahi kuwasilisha unapaswa kubaki na nakala yake nyumbani, kwenye mfuko mmoja, mahali ambapo mvua na watoto hawafiki.

Mfumo wa kielektroniki umepunguza tatizo hili kwa mashauri mapya, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo faida yake kubwa kuliko zote. Jalada lililoko kwenye mfumo haliwezi kufichwa chini ya droo.

Hakimu wangu amehamishwa katikati ya kesi. Tunaanza upya?

Si lazima. Sheria inamruhusu hakimu mpya kuendelea na ushahidi uliokwisha kuandikwa, au kuwaita tena mashahidi akiona haki inataka hivyo. Mahakama ya Rufani imesisitiza mara nyingi kwamba sababu za kubadilisha hakimu ziandikwe kwenye kumbukumbu. Usidharau jambo hilo, maana kuna hukumu zilizofutwa kwa sababu hakimu wa pili alichukua jalada bila maelezo. Uhamisho wa mahakimu ni jambo la utawala, lakini madhara yake yanaingia ndani ya kesi.

Kwa nini kesi zinachelewa hivi?

Sababu ni nyingi na si zote ziko mikononi mwa Mahakama. Upelelezi ni wa polisi na vyombo vingine. Mashtaka ni ya Ofisi ya Taifa ya Mashtaka iliyo chini ya Mkurugenzi wa Mashtaka. Mahabusu analetwa na Magereza. Wakili wako mwenyewe anaweza kuomba ahirisho kwa sababu ana kesi nyingine Mahakama Kuu. Yeyote kati yao akikwama, lawama inamwangukia anayetangaza tarehe mpya.

Upande wake, Mahakama imejiwekea vipimo. Shauri linahesabiwa ni la mlundikano likizidi miezi 6 katika Mahakama ya Mwanzo, miezi 12 katika Mahakama ya Wilaya na ya Hakimu Mkazi, na miezi 24 katika Mahakama Kuu. Wakati wa Jaji Mkuu Mohamed Chande Othman viliwekwa pia viwango vya kazi kwa mwaka: jaji wa Mahakama Kuu amalize mashauri 220, hakimu wa wilaya na mkazi 250, hakimu wa Mahakama ya Mwanzo 260. Vipimo hivi vimewafanya viongozi wa vituo wajue nani amelala. Vina hatari yake pia. Shauri la mirathi lenye wajane wawili na warithi kumi na wanne haliwezi kupimwa kwa rula ile ile ya deni la laki tatu, na hakimu anayekimbizana na hesabu anaweza kujaribiwa kumkatiza shahidi anayeeleza polepole. Ibara ya 107A yenyewe inataka haki isicheleweshwe bila sababu ya msingi, na hapo hapo inataka haki itendeke bila kufungwa kupita kiasi na masharti ya kiufundi. Vyote viwili vinadaiwa kwa wakati mmoja.

Sikuridhika na hakimu. Nikate rufaa au nilalamike?

Hapa ndipo watu wengi wanapoteza haki zao, kwa hiyo soma polepole.

Kama huridhiki na *uamuzi*, yaani unaona ushahidi haukupimwa vizuri au sheria imetafsiriwa vibaya, dawa ni rufaa. Hakuna barua ya malalamiko, hata ikipelekwa kwa Jaji Mkuu, itakayogeuza hukumu. Na rufaa ina saa inayokimbia. Kutoka Mahakama ya Mwanzo kwenda ya Wilaya ni siku 30. Shauri lililoanzia Mahakama ya Mwanzo likitoka Wilaya kwenda Mahakama Kuu, ni siku 30 tena. Katika jinai kutoka Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi kwenda Mahakama Kuu, notisi ya kusudio ni ndani ya siku 10 na rufaa yenyewe ndani ya siku 45. Kwenda Mahakama ya Rufani, notisi ni siku 30. Mtu akitumia miezi miwili kuandika barua za malalamiko, akija kushtuka mlango wa rufaa umefungwa, na kuufungua tena kunahitaji maombi ya kuongezewa muda yenye sababu nzito.

Kama huridhiki na *mwenendo*, yaani hakimu ameomba rushwa, ana lugha ya matusi, haonekani kazini, au amekalia hukumu bila kuitoa, hayo ni malalamiko. Anza kwa mfawidhi. Sheria ya 2011 iliunda pia kamati za maadili ya maafisa wa mahakama, za wilaya na za mkoa. Kamati zinapokea malalamiko, zinachunguza, zinampa hakimu nafasi ya kujieleza, kisha zinapeleka taarifa juu. Haziwezi kumfukuza, adhabu ni ya Tume. Kwa majaji kuna kamati yao ya maadili.

Sina budi kusema jambo moja kuhusu kamati hizi. Ya wilaya inaongozwa na mkuu wa wilaya na ya mkoa inaongozwa na mkuu wa mkoa. Upande mmoja, hiyo inamsaidia mwananchi, maana ofisi ya mkuu wa wilaya anaijua na haimtishi kama ya mahakama. Upande wa pili, kiongozi wa Serikali anakuwa mwenyekiti wa kikao kinachomhoji hakimu ambaye kesho anaweza kuwa na kesi ya Serikali mbele yake. Wanasheria wamelisema hili kwa miaka, nami naona wana hoja. Muda huu ambao sheria iko hivyo, mlalamikaji aitumie kamati kwa kusudi lake tu: kuripoti tabia, bila kumwomba mkuu wa wilaya aingilie kesi.

Dalali wa mahakama ni mtumishi wa Mahakama?

Hapana. Ni mtu binafsi mwenye leseni, anayesimamiwa kwa kanuni za 2017 za madalali wa mahakama na wasambaza nyaraka. Anatekeleza amri, hajipangii. Akija kwako kukamata mali, omba aonyeshe amri ya mahakama na kitambulisho chake, na soma amri inataja mali ipi. Akizidisha mipaka, lalamika kwa mahakama iliyotoa amri, siku hiyo hiyo kama inawezekana.

Baraza la Ardhi nalo liko chini ya Jaji Mkuu?

Mabaraza ya Ardhi na Nyumba ya Wilaya yaliundwa na sheria ya 2002 na kuwekwa chini ya wizara yenye dhamana ya ardhi, nje ya usimamizi wa Mahakama. Kuyahamishia Mahakama ni jambo lililodaiwa kwa muda mrefu, maana mwananchi haelewi kwa nini mgogoro wa shamba uendeshwe na wizara ile ile inayogawa viwanja. Rufaa kutoka huko inakwenda Mahakama Kuu, ndani ya siku 45. Baraza la Kata, tangu marekebisho ya 2021, linasuluhisha tu, haliamui.

Migogoro ya kazi inaanzia Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo nayo si sehemu ya Mahakama, kabla ya kufika Mahakama Kuu Divisheni ya Kazi.

Na Zanzibar?

Zanzibar ina mahakama zake, Jaji Mkuu wake na Mahakama Kuu yake, pamoja na Mahakama za Kadhi kwa masuala ya ndoa, talaka na mirathi ya Waislamu. Mahakama ya Rufani inasikiliza rufaa kutoka Mahakama Kuu ya Zanzibar pia, isipokuwa kwenye tafsiri ya Katiba ya Zanzibar na mambo ya Kiislamu yaliyoanzia kwa Kadhi. Mahakama hii ya Rufani ilianzishwa 1979, baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani kuvunjika 1977 na mahakama yake ya rufaa kwenda nayo.

Kenya wanafanyaje? Nina ndugu ana kesi Mombasa.

Huko Msajili Mkuu wa Mahakama ndiye pia mtawala mkuu na afisa masuuli, kwa mujibu wa Katiba ya 2010. Hawana mgawanyo wa Msajili na Mtendaji kama wetu. Tume yao ya Huduma za Mahakama inawahoji hadharani wanaoomba ujaji, na jina la Jaji Mkuu linapitishwa na Bunge la Taifa kabla ya Rais kumteua. Sehemu hiyo ya kuwahoji waombaji hadharani ningependa tuijadili hapa kwetu kwa uzito.

Kituo Jumuishi ni nini?

Ni jengo moja lenye Mahakama ya Mwanzo, ya Wilaya, ya Hakimu Mkazi na Mahakama Kuu, pamoja na ofisi za wadau kama waendesha mashtaka, mawakili na ustawi wa jamii. Sita vya kwanza vilizinduliwa Oktoba 2021: viwili Dar es Salaam, na vingine Dodoma, Arusha, Mwanza na Morogoro. Cha Temeke kimetengwa kwa mambo ya familia, yaani mirathi, ndoa, talaka na watoto. Kwa mjane aliyezoea kupanda daladala tatu kutoka ofisi hadi ofisi, tofauti anaiona kwenye nauli.

Kuna pia mahakama inayotembea, gari lililogeuzwa ukumbi wa mahakama, lililoanza Dar es Salaam na Mwanza mwaka 2019.

Naweza kudai kesi iendeshwe kwa Kiswahili?

Mahakama za Mwanzo zimekuwa zikitumia Kiswahili siku zote. Marekebisho ya sheria ya 2021 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya utoaji haki katika ngazi zote, Kiingereza kikibaki pale ambapo haki inakihitaji. Hukumu nyingi za juu bado zinaandikwa kwa Kiingereza. Ukisomewa jambo usilolielewa, simama useme huelewi, na uombe mkalimani au ufafanuzi. Iandikwe kwenye mwenendo kwamba uliomba.

Hukumu za kesi nyingine naweza kuzisoma wapi?

Hukumu za Mahakama ya Rufani na Mahakama Kuu zinawekwa wazi kwenye tovuti ya TanzLII, bila malipo na bila kujisajili. Ukitafuta kwa neno la jambo lako utaona kesi zinazofanana na yako ziliamuliwaje. Nakala rasmi ya hukumu ya kesi *yako* ni jambo jingine: hiyo omba kwa barua kituo kilichotoa uamuzi, siku ile ile hukumu inaposomwa, pamoja na nakala ya mwenendo, na ubaki na nakala ya barua yenye muhuri. Tarehe ya muhuri ule inaweza kukusaidia kuthibitisha ni lini uliomba nyaraka, endapo hesabu ya siku za rufaa italeta ubishi.